Dakika Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Jumapili, 10 Novemba

Shamini amesema niandike, basi naandika. Shamini Kandiah ni mama wa watoto wawili, anakaa Scarborough, ana kazi ya maana benki, lakini akianza kuzungumzia vipindi vyetu vya kutisha vya televisheni utadhani ana miaka tisa na amejificha nyuma ya kochi. Ameunda kikundi kwenye intaneti. Watu mia mbili na kitu, wote walikuwa watoto miaka ya tisini, na kila Jumapili saa nane mchana wanarudia kipindi kimoja cha *Banda la Mashua*, kila mtu kwake, huku wakiandikiana. Mimi nimealikwa kama mgeni wa heshima, eti.

Kazi yangu ilikuwa mwendelezo. Kwenye picha tunaanza na mwisho, tunamaliza na katikati, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kikombe kilikuwa mkono gani na kola ilikaa vipi. Mtu huyo nilikuwa mimi. Vipindi ishirini na sita, na sikukosea hata kimoja.

Leo wameanza na cha kwanza. Mlango wa banda ukajifungua wenyewe juu ya ziwa, nami nikaruka kwenye kiti. Na aliyevuta kamba siku ile ni mimi mwenyewe! Nimecheka peke yangu hadi nikakohoa.

Jumanne, 19 Novemba

Nimempeleka Lorne klabuni. Lorne Haskett ndiye aliyeviongoza vipindi vyote. Sasa ana miaka sabini na tisa, macho hayamruhusu kuendesha, anakaa mitaa mitatu kutoka kwangu, na kila Jumanne namchukua twende tukacheze ule mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu, mmoja anasukuma, wengine wanafagia mbele ya jiwe liteleze. Yeye ndiye nahodha wetu. Hawezi kuona jiwe likifika mwisho lakini kelele anazo.

"Fagia, Verna! Fagia, mwanamke, unalipapasa au unalifagia?"

"Njoo ufagie wewe, mzee kipofu!"

Miaka thelathini ananichekesha. Sijui majira haya ya baridi ningeyamalizaje bila yeye.

Jumapili, 24 Novemba

Kipindi cha tatu. Theluji hadi kwenye vidirisha. Sijakosea.

Jumapili, 8 Desemba

Kikundi kina daftari la makosa. Wametoa namba kwa kila kosa wanaloona. Namba nane: kivuli cha kamera. Namba kumi na moja: mzuka amevaa saa ya mkononi. Hayo si yangu, ni ya watu wa taa na watu wa mavazi, na nimewaandikia hivyo. Shamini akajibu, "Bi Verna, tulia, tunacheza tu!" Mimi nimetulia. Ni kwamba neno "kosa" silipendi.

Nimeitazama ratiba. Cha kumi na moja, *Stoo ya Viazi*, ni tarehe 2 Februari. Sawa.

Jumapili, 15 Desemba

Cha sita. Bado vitano.

Jumapili, 5 Januari

Baada ya Krismasi wamerudi na kelele maradufu. Cha saba. Nimekoroga uji wa shayiri ukaungua, kitu ambacho hakinitokei. Nimepanga upya kabati la sahani.

Jumapili, 19 Januari

Cha tisa. Bado viwili. Ziwa limeganda hadi ng'ambo, watu wanaendesha magari juu yake. Nimepanga upya kabati la sahani, mara ya pili mwezi huu. Sijui nina nini.

Jumapili, 2 Februari

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

*Stoo ya Viazi* wanaipenda kuliko vyote. Mtoto anakwenda kwa bibi yake shambani, anatumwa stoo ya chini kuleta viazi, mlango unafunga, na kitu kilicho nyuma ya viazi kinaanza kumwita jina. Halafu mtoto anapiga ile kelele. Watu wazima wenye nywele za mvi wanaiita "ile kelele" na kila mtu anajua ni ipi. Mmoja ameifanya mlio wa simu yake. Mwingine anasema hajawahi kusikia mtoto akiigiza vile popote duniani.

Sasa akatokea bwana mmoja wa Halifax, ameisimamisha picha na kuikuza. "Tazameni kucha! Ndani ya stoo vidole vinatoka damu. Anapanda juu, anakula pai na bibi, mikono safi kama ya daktari!" Wakashangilia. Shamini akaandika kwa herufi kubwa: KOSA NAMBA THELATHINI NA MOJA, NA MWENYE NALO NI BI VERNA!

Wakacheka wote. Watu mia mbili, Jumapili mchana, wakinicheka.

Sikukosea. Sehemu ya pai tuliipiga picha asubuhi, kabla ya ile ya stoo. Asubuhi mikono ilikuwa safi. Na kwenye orodha ya siku ile hapakuwa na damu yoyote ya kupaka, naikumbuka orodha ile. Nikaanza kuwaandikia papo hapo: ninyi watoto, ile si damu ya kupaka.

Nikaandika hadi hapo. Nikayatazama maneno. Nikayafuta, nikazima mashine, nikatoka kuondoa theluji mlangoni ambayo nilikwisha kuiondoa asubuhi.

Alhamisi, 6 Februari

Barua, ya karatasi, na stempu. Nainakili nzima kwa sababu mkono wangu hautaki kufanya kingine.

"Bi Verna, sijui kama unanikumbuka. Ni Darcy Hoekstra, yule wa stoo ya viazi. Sisi watoto tulikuita Anti Saa kwa sababu ya ile saa ya kubonyeza uliyoivaa shingoni. Nimekuwa kwenye kikundi cha Shamini tangu mwanzo, nasoma tu, siandiki. Nina miaka arobaini na miwili. Ni fundi bomba. Unajua mabomba yako wapi katika nyumba za huku: yako chini. Na mimi siingii chumba cha chini mpaka mtu aushike mlango. Wenzangu wananitania miaka yote, nacheka nao. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, amekiona kipindi, anataka tukiangalie pamoja, na nimeshindwa.

Nina swali moja. Kitasa kilikwama kweli? Mama anasema kilikwama, na kwamba mimi tangu utoto naongeza chumvi. Lakini naikumbuka saa yako. Naisikia, ta, nyuma ya mlango, kabla sijaanza kulia. Kama ni kitu nilichojitungia, niambie. Nitakuamini wewe, na sitauliza tena."

Nitakuamini wewe, anasema. Yaani mimi!

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshusha sanduku la madaftari ya kazi. Nilikuwa najidanganya kwamba daftari litanisaidia. Ukurasa huu hapa, mwandiko wangu, wino wa buluu, herufi safi:

*9 Machi 1994. Mara ya 7. 4:12. Kitasa kilikwama. Nzuri sana.*

Nayaandika yaliyotokea, maana sijawahi kuyaandika.

Nyumba ya shamba nje ya Peterborough. Baridi ya kukata masikio. Mara sita mtoto alikuwa anacheka, hakuna cha kumtisha, viazi vimemchekesha. Kamera, ile ya kuona hata gizani, tuliiweka kwenye tundu la ukuta, ikijiendesha yenyewe. Akaambiwa atafungiwa hadi ahesabu ishirini, taa itabaki inawaka. Lorne akamtuma mama wa mtoto, Greta, mjini akanunue soksi kavu za mtoto. Nilidhani ni wema.

Kisha akanisogelea sikioni. "Verna, nazima taa na naweka komeo. Usiseme kitu. Bonyeza saa tu."

Nikabonyeza. Ta.

Darcy alicheka kwanza. Akahesabu hadi ishirini, kwa sauti, vizuri. Akahesabu tena. Halafu akaniita. Si mama yake, ni mimi. Siku ya kwanza ya kazi nilikuwa nimemwambia: ukiogopa kweli, niite, mimi nina saa, naweza kusimamisha kila kitu. Watoto wote niliwaambia hivyo, na niliona fahari kuwaambia. "Anti Saa, fungua! Ulisema! Ulisema!" Akaanza kukwaruza mlango. Nilimtazama Lorne, akainua kidole: bado. Nami nikaangalia saa. Hicho ndicho nilichofanya. Nilisimama hatua moja kutoka mlangoni nikatazama mshale ukizunguka mara nne na kidogo.

Alipotoka suruali ilikuwa imelowa. Lorne akamkumbatia, "Pole bingwa, kitasa kimekwama, tumehangaika nacho!" Greta akarudi na soksi. Mtoto akasema, "Wamenifungia." Greta akanigeukia mimi, si Lorne, mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa ukweli pale. Nikasema, "Kitasa kilikwama, Greta."

Halafu nikaenda nikayaandika maneno hayohayo daftarini. Daftari ambalo halijakosea.

Jumanne, 11 Februari

Tulicheza. Tulishindwa. Ndani ya gari, kabla sijawasha, nikamwambia Lorne kuhusu barua.

Aliweka glavu mapajani. "Anataka nini, fidia?"

"Anataka kujua kama kitasa kilikwama."

"Basi kilikwama. Miaka thelathini kimekwama vizuri tu, wewe unakikwamua wa nini?"

"Alikuwa na miaka kumi na mmoja, Lorne."

"Na nchi nzima inamkumbuka! Nimemfanyia nini kibaya? Watoto wangapi wangetamani—"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi si Shamini."

Akageuka kunitazama, ingawa najua haoni uso wangu. "Haya. Mwambie. Mwambie na ni nani aliyebonyeza saa. Mimi nilikuwa naongoza picha, hiyo ilikuwa kazi yangu. Wewe ulimwahidi."

Nilitaka kumtelemsha palepale kwenye theluji. Sikufanya hivyo, ni kipofu na kulikuwa na utelezi. Nikamfikisha hadi mlangoni kwake, nikamshika mkono kwenye ngazi kama kila wiki. Pale juu akasema, bila kelele sasa, "Unadhani kwa nini niliweka muziki juu ya ile sehemu? Alikuwa anakuita wewe. Sikuweza kuisikiliza kila siku kwenye meza ya kuhariri."

Kumbe alijua. Siku zote nilimwona mtu mwenye moyo mkubwa asiyefikiri. Alifikiri sana, hata muziki alichagua. Na nikaona kwamba tofauti yangu na yake ni ndogo kuliko nilivyopenda.

Jumapili, 16 Februari

Sikuingia kikundini. Dhoruba, umeme ulikatika saa tatu.

Jumatano, 19 Februari

Nimeandika jibu. Jibu zuri, la upole, kurasa mbili. *Mpendwa Darcy, nyumba ile ilikuwa kuukuu, kitasa kilikuwa kibovu, na wewe ulikuwa mtoto shujaa.* Nimelitia bahasha, nimevaa buti, nimekwenda hadi kwenye sanduku la posta, nimefungua mdomo wake. Nikarudi nalo nyumbani.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda tena. Nimerudi nalo tena.

Jumanne, 25 Februari

Nilimpeleka Lorne klabuni. Hatukuongea. Alisahau kofia yake garini.

Jumapili, 2 Machi

Shamini amepiga simu. "Bi Verna, umetukasirikia? Ni kwa sababu ya namba thelathini na moja? Jamani, ilikuwa utani, tunakupenda!"

"Sijakasirika."

"Basi rudi. Tena nina habari. Mwezi wa tano tunakutana wote, tumepata ukumbi! Tutampa Bwana Lorne zawadi. Na tumepanga kitu: taa zinazimwa, halafu wote kwa pamoja, watu mia mbili, tunapiga ile kelele!"

Nikasema, "Usifanye hivyo."

"Kwa nini?"

"Shamini, nakuomba kama mama yako. Usifanye hivyo."

Ni mtu mwenye akili, sikumpa heshima anayostahili. Akauliza polepole, "Ile damu ilikuwa ya nani, Bi Verna?"

Nikamwambia kuna mtu lazima asikie kwanza, kabla yake. Akasema sawa. Akasema kwamba alipokuwa mdogo, akiogopa, dada yake alikuwa akimwambia usilie, huyo mtoto anaigiza tu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikahisi nimemnyang'anya kitu, na bado nilihisi vizuri kuliko wiki zote hizi.

Jumamosi, 8 Machi

Theluji imeanza kulainika. Vichirizi vya maji vinadondoka kutoka paa zima, tok tok tok, mchana kutwa. Siwezi kukaa. Nimesimama hadi miguu imevimba.

Jumapili, 9 Machi

Tarehe ileile. Nimechukua kalamu nyekundu, ile tuliyotumia kusahihisha. Nimekata mstari mmoja tu juu ya "Kitasa kilikwama", kama tulivyofundishwa, ili maneno ya chini yaendelee kusomeka. Pembeni nimeandika: *Si kweli. Mlango ulifungwa kwa makusudi. Taa ilizimwa. Mtoto aliita, sikufungua. V. Ruttan.* Kisha tarehe ya leo.

Jumatatu, 10 Machi

Lile jibu la kurasa mbili nimelichoma kwenye jiko la kuni. Jipya ni fupi.

*Darcy. Hukujitungia. Njoo nikueleze, au niambie nije wapi. Verna.*

Safari hii nilipofika kwenye sanduku sikusimama kufikiri. Nilitumbukiza na kugeuka haraka kama mwizi.

Jumapili, 23 Machi

Kimya.

Jumapili, 30 Machi

Kimya. Mvua juu ya barafu. Nimejiambia labda hatakuja, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

Jumanne, 8 Aprili

Lorne ameuliza kwa nini simletei tena magazeti ya kumsomea. Nikamwambia nimemwandikia Darcy. Akatikisa kichwa muda mrefu. "Niwepo?" akauliza. Nikamwambia hapana, Darcy akitaka kukuona atakuja kwako mwenyewe. Akasema, "Sitakuwa na la kumwambia, Verna." Alionekana mzee kweli. Nikamsomea gazeti.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepiga simu. Sauti nene, ya mtu aliyezoea kuongea karibu na mashine. "Bi Verna? Jumamosi ya wiki ijayo, saa sita mchana. Sawa?"

"Sawa."

Basi.

Jumamosi, 19 Aprili

Barafu imeondoka ziwani usiku. Asubuhi maji yalikuwa wazi, yana rangi ya chuma.

Alikuja kwa gari la kazi, lenye mabomba juu. Mtu mkubwa, mabega kama mlango, na uso uleule. Aliingia kupitia jikoni, na mlango akauacha nyuma yake wazi kabisa. Upepo wa baridi ukaingia. Akaniona nautazama.

"Samahani. Ni mazoea."

"Uache."

Nikamwekea chai na kipande cha pai. Akaitazama ile pai akacheka kidogo, "Ya tufaha tena?" Sikuwa nimefikiria, naapa. Nikaomba radhi kwa ajili ya pai, jambo la kipumbavu, nina mengine ya kuombea radhi.

Nikamweleza. Sikupamba. Soksi, komeo, taa, saa. Nilimwambia kwamba aliniita na kwamba nilisikia kila neno. Nikamsogezea daftari. Alisoma na kidole chini ya mstari, ule wa buluu, halafu ule mwekundu. Kucha zake fupi, zina grisi.

"Unayo bado?" akauliza. "Saa."

Nilikuwa nayo mfukoni mwa aproni tangu asubuhi. Nikaitoa.

"Bonyeza."

Nikabonyeza. Ta. Mabega yake yakashuka, yote mawili, kama mtu aliyetua mzigo wa mbao. Alifumba macho. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo hiyo." Akalia, nami nikalia, na sikuthubutu kumgusa.

Nilisema, "Nisamehe." Akasema, "Sijui bado, Bi Verna. Ngoja kwanza." Ni jibu la haki.

Kisha akatoa simu, akawasha spika, akaiweka mezani kati ya vikombe. "Mama yangu hajawahi kuniamini. Mwambie yeye."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ikaita mara tatu. Sauti ya Greta ilikuwa nyembamba, ya mwanamke wa miaka sabini na kitu. "Darcy? Unakula?"

"Mama, niko kwa Verna Ruttan. Yule wa saa. Anataka kukuambia kitu."

"Verna! Maskini, bado upo? Huyu mtoto amekuja kukusumbua na ile stoo yake?"

Nikasema, "Greta, kitasa hakikukwama. Tulimfungia kwa makusudi tukazima taa. Dakika nne na sekunde kumi na mbili. Aliniita nikamfungulie, sikufungua, na uliporudi nilikudanganya."

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule.

"Rudia tena."

Nikarudia mara ya tatu, na sikubadilisha hata neno moja. Hiyo kazi naijua.

"Kwenye gari nilimpiga kofi," Greta akasema. "Nilimwambia asinitie aibu mbele ya watu wa televisheni. Darcy, mwanangu, unakumbuka? Ulikuwa umevaa zile soksi mpya."

"Nakumbuka, mama."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi kwamba unakumbuka lile kofi?"

Darcy alikizungusha kikombe chake mezani. "Si nilikuwa nimesema uongo?" akasema. "Nilidhani ndivyo mwongo anavyofanyiwa."

Greta akaanza kulia kule, na Darcy akaichukua simu, akaizima spika, akaiweka sikioni, akasimama akiwa amenipa mgongo, akimwambia taratibu, basi mama, basi, niko hapa. Ilichukua muda. Sikuangalia saa. Mlango wa jikoni ulikuwa bado wazi na mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, na nilikaa palepale.